Barua kwa Zuhura: Ijue Bahari Kabla ya Kuiweka Nyuma ya Mtu

Ngamiani, Tanga

Mpenzi mwanangu Zuhura,

  Goti la bibi yako limetulia, na tangu juzi amerudi kukaa barazani, kila apitaye anamuuliza kama ana habari zako. Baba yako amemaliza kuezeka chumba cha uani, na mdogo wako kidato cha tatu kinamwendea vizuri, hasa hesabu. Hayo ndiyo ya nyumbani. Mengine utayakuta ukija.

Ujumbe wako wa sauti kutoka Dar es Salaam nimeusikiliza, na bibi yako akataka nimsikilizishe tena. Nimeona nisikujibu kwa simu, maana ninayotaka kukuambia ni ya kusomwa polepole. Wenzako wa kazi wakitaka kusoma begani kwako, wasome tu. Humu hamna siri, na wengine haya yatawafaa kuliko wewe.

Umesema mmepata ukumbi, mmepata kitambaa cha kijani cha kufunika ukuta na sakafu, fundi seremala amewaundia kipande cha jahazi chenye mlingoti na tanga, na yule kijana wa kompyuta ameahidi kwamba bahari itaonekana kwenye monita nyuma ya waigizaji palepale mnapopiga picha. Moyo wangu umefurahi. Umefanya busara kutowapakia watu chomboni usiku wa upepo, pamoja na kamera na taa, kwa ajili ya filamu. Mzazi aliyekuazima mtoto wake aigize anataka kumwona akirudi nyumbani mzima.

Lakini kuna neno ulilisema kwa furaha, nami likanikalisha kitako. Umesema kwa kuwa sasa mandhari yataonekana papo hapo, maandalizi yamekuwa mepesi. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Mwanangu, maandalizi yamekuwa mazito zaidi. Zamani mtu aliweza kupiga picha mbele ya kijani bila kujua nyuma kutakuwa na nini, akamwachia mhariri kazi ya kutafuta. Wewe huwezi. Siku utakayowasha kamera, bahari inatakiwa iwe tayari, saa yake ijulikane, upepo wake ujulikane, na jahazi liwe limeshajua linakokwenda. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mtambo wenu, kwamba unamlazimisha mwongozaji kuamua mapema. Asiyetaka kuamua mapema, mtambo huo utamwaibisha mbele ya watu wake.

Nakuambia haya kwa kuwa nimekaa nayo. Niliajiriwa televisheni miaka michache baada ya matangazo ya televisheni kuanza Bara mwaka 1994, nikapangiwa chumba cha kuchanganyia picha. Kila jioni msomaji wa hali ya hewa alisimama mbele ya ukuta wa kijani mtupu. Mtambo ulikuwa ukiondoa kila chenye rangi ile na kuweka ramani mahali pake, na watazamaji majumbani walimwona akiigusa Mwanza, akashuka mpaka Mtwara. Yeye mwenyewe ramani hakuwa nayo. Alikuwa na monita pembeni, na monita ile haikugeuza picha kama kioo: akinyanyua mkono wa kulia, aliuona upande wa kushoto. Aliyekuja na kitenge chenye kijani alirudishwa akabadili, la sivyo Ziwa Victoria lingemtokea kifuani.

Kwa hiyo hayo mandhari ya papo hapo mnayoyaita mapya, sisi tuliishi nayo kila siku kabla ya taarifa ya habari kumalizika. Na katika wasomaji wote niliowaona wakipita pale, wazuri walifanana kwa jambo hili: waliijua ramani kabla ya kuingia studio. Monita iliwahakikishia wanachokijua. Wale waliotegemea monita iwafundishe nchi yao walitapatapa hewani na macho yakawatoka.

Baadaye nikahamia kuhariri, na huko nikakutana na upande wa pili. Liliwahi kuletwa mezani kwangu tangazo la biashara lililopigwa mbele ya kijani, waigizaji wawili wakiwa eti kileleni mwa mlima. Mlima ulitafutwa baadaye. Jua la mlima lilitoka kulia, taa za ukumbini zilitoka kushoto. Mmoja alitazama juu, mwenzake akatazama mbele, kila mtu na mlima wake. Hapakuwa na la kuhariri. Waliitwa wote upya, ukumbi ukakodiwa upya, na fedha iliyodhaniwa imeokolewa ikatoka tena na dada yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi yetu ufa ni ile kauli ya “tutarekebisha kwenye uhariri”.

Sasa nikueleze mtambo wenyewe kama ninavyouelewa, ili usimwachie kijana wa kompyuta mambo ambayo ni yako. Hila ya rangi moja nyuma ya mwigizaji ni ya siku nyingi. Filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 ilitumia bluu, kazi ya Larry Butler, na enzi zile matokeo hayakuonekana mpaka filamu itoke maabara. Kijani kikaja kushika nafasi baadaye, hasa kwa kamera za dijitali, kwa sababu vihisi vya kamera nyingi vina vitone vya kupokea kijani mara mbili ya vile vya nyekundu au bluu, kwa hiyo kukikata ni rahisi zaidi. Kilichobadilika siku hizi ni kasi. Kamera inafungwa kifaa kinachoieleza kompyuta iko wapi, imeelekea wapi na lenzi imevutwa kiasi gani. Kompyuta, kwa kutumia injini za michezo ya kompyuta kama Unreal Engine, inachora bahari kutoka pembe ileile. Kisha kijani kinaondolewa na picha mbili zinaunganishwa. James Cameron alipotengeneza Avatar, iliyotoka mwaka 2009, aliweza kutazama kwenye kamera yake na kuwaona waigizaji wakiwa tayari ndani ya ulimwengu wa kubuni. Leo vijana wenye kompyuta nzuri na subira wanaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo katika ukumbi wa kukodi, na ninajivunia kwamba wewe ni mmoja wao.

Ila usichanganye kitambaa chenu na ule ukuta wa skrini za LED uliotumika kwenye tamthilia ya The Mandalorian mwaka 2019. Ule ulikuwa na kimo cha karibu mita 6, umezunguka nyuzi 270, na jambo lake kubwa ni kwamba mandhari yenyewe yalimwangazia mwigizaji. Deraya yake inayong’aa ilipokea mwanga wa jangwa lililoonekana nyuma yake. Kitambaa chenu hakitoi mwanga wa bahari. Kinatoa kijani tu, na kijani hicho kinarudi kwenye mashavu, kwenye mabega na kwenye tanga jeupe. Mwanga wa bahari mtautengeneza wenyewe kwa taa, na hamwezi kuutengeneza kama hamjui bahari hiyo ni ya saa ngapi.

Basi anza na hilo. Hadithi yako inasema jahazi linatoka Tanga alfajiri kwenda Pemba. Pemba iko mashariki yetu. Maana yake jua litachomoza mbele ya omo, liwapige usoni wanaotazama mbele, na liwaache gizani kwa mbele wanaotazama nyumbani. Yule mama unayemwandikia aage pwani kwa macho, uso wake uwe kivulini na mwanga umzunguke kwenye ukingo wa mtandio. Umeona? Hujagusa kompyuta bado, lakini tayari umeshajua taa kubwa inakaa wapi. Ukisema ni majira ya kusi, upepo unatoka upande wa kulia wa jahazi, tanga linajaa kuelekea kushoto, feni ya ukumbini inakaa kulia na mawimbi ya kompyuta yanatoka kulia. Ukisema ni kaskazi, vyote vinageuka. Mvuvi yeyote wa Tanga au wa Kojani kule Pemba atakayeitazama filamu yako atakugundua mara moja ukikosea hapo, na mimi sitaki mvuvi amcheke mwanangu.

La pili ni upeo wa bahari. Lishike vizuri kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Upeo hukaa daima kwenye kimo cha jicho la kamera. Kamera ikiwa mita moja na nusu juu ya sakafu ya jahazi, mstari wa bahari unawakata wote waliomo kwenye kimo hichohicho: aliyesimama kichwa chake kinapita juu ya mstari, aliyeketi anabaki chini yake. Ukiinua kamera, upeo unapanda nayo. Kwa hiyo vipimo vya ukumbini na vipimo vya kompyuta lazima vilingane, mita kwa mita. Mwambie kijana wako apime kwa utepe kimo cha kamera na umbali wake hadi mlingoti, ahakikishe namba hizo ndizo zilizomo ndani ya programu. Asipofanya hivyo, watu wako wataonekana majitu yaliyosimama juu ya bwawa. Na mara kifaa cha kufuatia mwendo kikishapimwa, mtu asikiguse, asikining’inizie begi, asikisogeze kwa ajili ya kupitisha waya.

Kuhusu msukosuko wa bahari, si lazima jukwaa la fundi litikisike. Kamera iliyomo chomboni huona chombo kimetulia na upeo ndio unaoinama, kwa hiyo bahari ya kompyuta inaweza kuyumba badala ya mbao. Lakini kandili lililotundikwa lining’inie na kuyumba kwa mwendo uleule, na watu wajishike na kuinama pamoja. Hapa ndipo nakuomba uutumie mtambo wenu kwa heshima ya waigizaji. Weka televisheni kubwa kando ya kamera, mahali wanapotakiwa kutazama, uwaonyeshe bahari peke yake bila sura zao. Waone wimbi linakuja, wote wainame kwa wimbi moja. Mtu akijiona kwenye monita huanza kujitazama, macho yake yakatoka baharini, na hakuna uhariri unaoyarudisha.

Uigizaji mbele ya kijani unaumiza kuliko watu wa mitambo wanavyodhani. Ian McKellen, mzee aliyebobea jukwaani na kwenye filamu, alipoigiza kama Gandalf katika The Hobbit huko New Zealand, ilibidi katika baadhi ya matukio abaki peke yake kwenye kijani akizungumza na picha za wenzake zilizowekwa kwenye vigingi, kwa sababu wao walipigwa picha mahali pengine ili waonekane wafupi. Alieleza mwenyewe hadharani kwamba alilia. Kama mtu wa uzoefu ule alilemewa, itakuwaje kwa mtoto wa darasa la tano uliyempa nafasi ya kuogopa dhoruba? Mketishe kabla ya siku yenyewe, mwonyeshe bahari yake kwenye skrini, mwambie Tanga iko nyuma na Pemba iko mbele. Mpe mahali pa kuikumbuka hofu. Na taa zikiwaka muda mrefu ukumbi unakuwa tanuri, basi maji yawepo, mapumziko yawepo, na mtoto asimame mbele ya taa pale tu anapohitajika.

Jambo jingine ni kuchelewa. Picha mpaka ipite kwenye mitambo yote huchelewa fremu kadhaa. Mkipiga fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Zikichelewa tano, mnachokiona kimeachwa nyuma kwa sehemu ya tano ya sekunde. Hiyo inatosha kumfanya mpiga picha amfuate mwigizaji akiwa amechelewa kila mara. Kwa hiyo mpiga picha atazame kwenye kamera yake moja kwa moja, na picha iliyounganishwa muitazame ninyi wengine: wewe, mtu wa taa, mtu wa mavazi. Mtu wa sauti naye acheleweshe sauti ya kwenye monita kwa kiasi hicho, msije mkadhani waigizaji hawapatani na midomo yao.

Kitambaa chenyewe kipigwe pasi, kivutwe kisiwe na mikunjo, na kiwe na taa zake peke yake zinazokiangaza sawasawa toka pembe hadi pembe. Taa za waigizaji ziwe nyingine. Waigizaji wakae mita 2 au 3 mbele yake, wakiweza hata zaidi, ili kile kijani kisiwarudie mwilini. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo funga shata kwenye 1/50, ujaribu kila taa ya bei nafuu mbele ya kamera kabla ya siku, maana nyingine humetameta jicho lisione. Ukaya ni vazi zuri, lakini mbele ya kijani ni mateso, kwa sababu kitambaa chepesi kinaonyesha rangi ya nyuma. Mama mvishe mtandio mzito kidogo, na usimpe kanga yenye kijani. Nywele zilizotimka na kamba nyembamba za jahazi nazo ni ngumu kukatwa, basi zifanyie majaribio mapema.

Sasa sikiliza hili kwa masikio yote mawili. Picha nzuri utakayoiona kwenye monita usidhani ndiyo filamu. Hiyo ni ya kuwasaidia mlio ukumbini muone mnachokifanya, na ya kumsaidia mhariri achague haraka. Kinachotakiwa kuhifadhiwa ni vitu vitatu kwa kila tukio: picha safi ya kamera yenye kijani chake, kwenye mpangilio unaotunza rangi nyingi kadiri kamera inavyoweza, kumbukumbu za mwendo wa kamera, na ile picha iliyounganishwa, kwa ajili ya kutazamia. Vyote vibebe namba ileile ya kibao, na jioni vinakiliwe sehemu mbili kabla mtu hajaondoka. Ukiwa na hivyo, utaweza kukata upya kwa utulivu, kurekebisha ukingo wa nywele, hata kuiboresha bahari yenyewe. Ukihifadhi picha iliyounganishwa peke yake, kila kasoro ya siku hiyo imeolewa na filamu yako, na talaka hakuna. Na kompyuta ikizimika katikati ya tukio, usikatize. Kamera inaona, waigizaji wanaijua bahari yao, wewe unajua upepo unatoka wapi. Endeleeni.

Unaona kwa nini nasisitiza maandalizi. Watu walioamua mapema, mtambo unawaongezea nguvu, na ukifa hawafi nao. Wasioamua wanaketi kumsubiri kijana mmoja mwenye kompyuta, ukumbi mzima ukihesabu saa za kodi.

Mwisho, nimefanya jambo bila kukuuliza, na najua hutakasirika. Nimezungumza na nahodha mmoja, rafiki wa marehemu babu yako, mtu asiyetoka bandarini hali ya hewa ikiwa na shaka. Yuko tayari kukutoa asubuhi yenye utulivu, wewe na mpiga picha wako, mbele kidogo tu ya pwani. Mtavaa majaketi ya kujiokolea, na hilo sibishani na mtu. Mpige picha ya bahari kuanzia giza mpaka jua liwe juu, omo ikielekea Pemba, kisha mgeuke mpige pwani inavyobaki nyuma. Muandike saa, kimo cha kamera na lenzi mliyotumia. Rangi za maji hayo mpeni kijana wa kompyuta azifuate, na ule upeo wa mbali mnaweza hata kuutumia kama ulivyo. Muulize nahodha kila kitu: tanga hushikwaje upepo ukigeuka, abiria hukaa upande gani, mtoto hufungwa wapi bahari ikichafuka. Mlete na kijana wa kompyuta pia, maana huwezi kumwagiza mtu achore bahari ambayo haijawahi kumlowesha.

Tarehe ya kupiga picha usiipange mpaka umerudi kutoka kwenye safari hiyo. Hilo si ombi, mwanangu. Nauli ya basi la kuja Tanga nitaituma, na chumba cha uani baba yako amekwisha kukiezeka, mtalala vizuri wote watatu. Bibi yako anakuombea dua kila swala, nami naitikia amina.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Mwanaisha